Skafu ya Baridi Yenye Pindo la Makombe: Mwongozo Kamili wa Kufuma kwa Kroshia

Nyumba nyingi za Mombasa zina mtu ajuaye kushika sindano ya kroshia. Ukikaribishwa sebuleni utakuta kitambaa mgongoni mwa kochi, kingine chini ya jagi la maji, na kingine kimetundikwa juu ya runinga. Mikono ya kufuma tunayo. Kinachowatatiza wengi ni kufuma kitu cha kuvaliwa na mtu aliye kwenye baridi, kwa sababu mkono uliolelewa na vitambaa vya meza umezoea kubana. Kitambaa cha meza hutakiwa kikakamae, ndiyo maana tunakitia wanga au maji ya sukari. Skafu ni kinyume chake: inatakiwa ilale na kuufuata mwili.

Nililijua hili kwa njia ya uchungu. Mpwa wangu alipokwenda kusoma Uingereza nilimfumia skafu kwa uzi uleule mwembamba wa pamba ninaofumia vitambaa, kwa sindano ileile ndogo, karibu miezi miwili. Alipoipokea alinipigia simu ya video akiwa ameivaa. Nikaiona mwenyewe imesimama shingoni, haipindiki. Akaniambia kwa adabu, "Ni nzuri sana mama mdogo, ila upepo unapita, na ikilowa haikauki." Niliumia, kisha nikaanza upya. Ninayoeleza hapa ndiyo niliyojifunza tangu siku ile: uzi mnene, sindano kubwa, na mkono uliolegea.

Skafu yenyewe nimeipanga kama leso. Ina mji wa katikati, mtulivu, wenye mshono mwepesi wa rangi moja. Ina pindo linalouzunguka mji pande zote nne, na pindo ndilo lenye mapambo: safu ya makombe kama yale ya ufukweni. Ikikamilika itakuwa na upana wa sentimita 23 hivi na urefu wa mita moja na nusu na kidogo, bila kuhesabu matamvua.

Uzi

Usichukue pamba. Pamba ni nzito, hunywa maji na huchelewa kukauka, na haiweki joto vizuri. Uzi bora kwa baridi ni sufu, kwa kuwa huendelea kutia joto hata ikipata unyevu. Ila ina masharti yake: ikioshwa kwa maji moto na kusuguliwa hugandamana, ikasinyaa na isirudi tena, na iliyo kavukavu huwasha shingo. Kabla ya kununua, bonyeza donge shingoni chini ya sikio kwa muda wa dakika moja. Kiganja hakitakuambia kitu, shingo itakuambia.

Akriliki ndiyo rahisi kupata katika maduka ya uzi na vifungo mjini, bei yake ni nafuu, na huoshwa bila wasiwasi. Kwa mtu anayeishi hosteli na kutia nguo zote kwenye mashine, mimi humpa akriliki bila kusita. Uliochanganywa sufu na akriliki ni mzuri pia.

Unene unaotakiwa ni wa kati, ule ambao donge la gramu 100 lina takriban mita 200. Soma karatasi iliyofunga donge. Nunua madonge mawili ya rangi ya mji na moja la kila rangi ya pindo, na yote ya rangi moja uyanunue siku moja. Kwenye karatasi ile kuna namba ya rangi, na pembeni yake namba ya mkupuo waliotia rangi pamoja. Namba zote mbili zifanane. Madonge mawili ya "nyekundu" yaliyotiwa rangi siku tofauti yanaweza kufanana dukani chini ya taa, lakini ukifika nusu ya skafu utaona mstari ulipobadilika, na hapo hakuna dawa.

Kuhusu rangi, nenda Biashara Street usimame mbele ya leso zilizotundikwa. Usitazame maua, tazama namna pindo linavyoachana na mji. Mimi hupenda mpango wa kisutu: mji mwekundu, mzunguko mwembamba mweusi, kisha makombe meupe. Damu ya mzee na rangi ya maziwa nayo hukaa vizuri. Ukichanganya rangi kali na nyeupe, lowesha kipande cha uzi mwekundu, ukikunje ndani ya kitambaa cheupe na ukibane kwa saa nzima. Kitambaa kikitoka na doa, uzi huo utachafua makombe siku ya kwanza ya kuoshwa. Badilisha.

Sindano na mkono

Sindano ya milimita 5.5. Namba huchongwa kwenye mpini. Ukijijua una mkono wa kubana, chukua ya milimita 6. Uwe pia na mkasi, futi ya cherehani, na sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi.

Uzi upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, chini ya cha kati, kisha ujizungushe mara moja tu kwenye kidole cha mwisho. Wengi wetu huuzungusha mara mbili kwa mazoea ya uzi mwembamba, na kubana kunaanzia hapo. Kila kitanzi kikae pale sindano inapofikia unene wake kamili, si kwenye shingo nyembamba karibu na ndoano. Vitanzi vikifumwa shingoni hutoka vidogo, na sindano ya 5.5 inakuwa kama ya 4. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelezo yote. Kazi ni ileile.

Joto letu nalo lina neno. Wakati wa kaskazi viganja hutoa jasho, uzi haupiti vidoleni, na wewe unaukaza bila kujua. Fuma baada ya alasiri, penye upepo, na uweke taulo dogo pajani la kujifutia. Usipake poda mikononi, huganda ndani ya uzi wa rangi iliyokoza.

Mishono minne, na majina yake

Tahadhari moja kwa wanaofuata maelezo ya intaneti. Uingereza na Marekani hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti: ule Wamarekani wanaouita dabo, Waingereza huuita trebo, na dabo ya Waingereza ni mshono mwingine mfupi zaidi. Watu wamefumua kazi ya wiki nzima kwa sababu hiyo. Hapa nitauita kila mshono kwa umbo lake.

Mnyororo: zungushia uzi sindanoni, vuta upite ndani ya kitanzi kilichopo. Basi.

Mshono mfupi: chomeka sindano, zungusha uzi, vuta, una vitanzi viwili. Zungusha tena, pitisha vyote viwili kwa pamoja.

Mshono mrefu: zungusha uzi kwanza, ndipo uchomeke. Zungusha, vuta, una vitanzi vitatu. Sasa, kabla ya kuendelea, inua sindano kidogo ili kitanzi ulichokivuta kifike kimo cha vitanzi jirani. Mwinuko huo mdogo ndio unaoifanya skafu ilale. Ukiuruka, kitanzi hubaki chini kimejikunja na mshono unakuwa mfupi na mgumu. Zungusha, pitisha viwili. Zungusha, pitisha viwili vilivyobaki.

Mshono wa kuunganisha: chomeka, zungusha, vuta moja kwa moja hadi upite na kwenye kitanzi cha sindanoni.

Mji

Piga fundo la kuanzia, kisha minyororo 31. Mnyororo wa mwanzo ukibana, ncha moja ya skafu itakuwa nyembamba kuliko nyingine, kwa hivyo upige kwa sindano kubwa zaidi kidogo kama unayo, halafu urudi kwenye 5.5.

Mstari wa kwanza: hesabu minyororo kutoka sindanoni, na kwenye wa 5 tia mishono mirefu miwili. Miwili hiyo ikikaa tundu moja hupanuka juu kama tawi la mti lililogawanyika. Nitaiita panda, kama panda ya manati. Ruka mnyororo mmoja, tia panda kwenye unaofuata. Endelea hivyo hadi ibaki minyororo miwili. Ruka mmoja, na kwenye wa mwisho tia mshono mrefu mmoja tu. Hesabu panda: ziwe 13. Minyororo mitatu ya mwanzo inahesabika kuwa mshono mrefu, kwa hivyo jumla ni mishono 28.

Mstari wa pili na yote inayofuata: geuza kazi, piga minyororo mitatu, kisha tia panda katikati ya kila panda ya chini. Chomeka kwenye uwazi ulio kati ya miguu miwili, si kichwani mwa mshono. Mwisho, tia mshono mrefu mmoja juu ya minyororo mitatu ya mstari uliopita.

Huo mshono wa mwisho ndio unaosahaulika. Minyororo mitatu ya kugeuzia haionekani kama mshono, basi mtu huiruka, na kila mstari hupoteza kidogo. Baada ya mistari 20 skafu imekuwa pembetatu. Hesabu panda 13 kila mstari hadi jicho lizoee, na uchomeke uzi wa rangi nyingine juu ya minyororo ya kugeuzia ikiwa inakupotea.

Fuma mistari 10 kisha simama. Tandaza bila kuvuta, upime. Upana ukiwa kati ya sentimita 18 na 21, endelea. Ukiwa chini ya 18, mkono bado umebana: fumua, ongeza ukubwa wa sindano, anza tena. Usijidanganye kwamba italegea yenyewe. Kisha ining'inize juu ya kifundo cha mkono wako. Ikianguka pande zote mbili kama leso iliyofuliwa mara nyingi, uko sawa. Ikibaki imepanda mbali na mkono, hujafika. Mimi hulitegemea jaribio hili kuliko futi.

Ukiwa na mizani ya jikoni, pima donge kabla na baada ya mistari hiyo 10, zidisha tofauti kwa 12, na utajua mapema kama uzi utatosha. Mji wote ni mistari 120. Donge likiisha, badilisha mwanzoni mwa mstari na uache ncha ya sentimita 15 pande zote mbili. Usifunge fundo la kukaza. Fundo huwasha shingo, na huja kuchomoza upande wa mbele.

Mistari hii 120 haina mambo mengi ya kueleza. Ni kazi ya barazani, ya kusikiliza redio, ya kusubiri zamu hospitali. Nusu saa kwa siku, na mwezi haujaisha umemaliza.

Pindo

Sasa umakini urudi. Kwa rangi ya mzunguko wa kwanza (kwenye mpango wa kisutu ni nyeusi), unganisha uzi kwenye kona na uzunguke mji wote kwa mishono mifupi. Kila kona ipate mishono mifupi mitatu ndani ya tundu moja. Upande mrefu, kila mstari upate miwili, ukiukumbatia mshono wa pembeni wote badala ya kuuchoma. Upande mfupi, kila mshono upate mmoja.

Hesabu ina sababu. Kombe moja na mapengo yake hukalia mishono sita, na tunataka kombe likae sawasawa kwenye kila kona. Kwa hivyo kati ya kona na kona, ukiacha mitatu ya kona yenyewe, upande mfupi uwe na mishono 27 na upande mrefu 237. Upande wa mnyororo wa mwanzo, ukiacha miwili ya kona, ni 26. Upande wa mstari wa mwisho nao ni 26, basi kwenye kila mmoja weka miwili mahali pamoja katikati. Upande mrefu mistari 120 ingetoa 240. Mahali patatu, mbalimbali, weka mmoja badala ya miwili. Ukiwa umefuma mistari zaidi au pungufu, kanuni ni hii: idadi kati ya kona na kona, ukiijumlisha na 3, igawanyike kwa 6. Jumla ya mzunguko wetu ni mishono 540. Funga kwa mshono wa kuunganisha, kata.

Kabla ya makombe, tandaza skafu sakafuni. Ukingo ukipiga mawimbi, mishono imezidi. Ukikunja mji uwe kama mtumbwi, imepungua au umebana. Rekebisha hapa, maana makombe huzidisha kosa.

Makombe: chukua nyeupe, unganisha kwenye mshono wa katikati wa kona yoyote. Piga minyororo mitatu, ihesabike mshono mrefu, kisha tia mirefu sita tundu hilohilo. Kombe la kona lina mishono saba, ili lipate nafasi ya kugeuka. Ruka mishono miwili, tia mfupi mmoja, ruka miwili, tia mirefu mitano kwenye mshono mmoja: hilo ni kombe la kawaida. Ruka miwili, mfupi, ruka miwili, kombe. Ukienda hivyo utajikuta kila kona umefika pahali pa kombe, tia saba. Mwisho, unganisha juu ya minyororo mitatu ya mwanzo. Kwenye kila ncha ya skafu, kati ya makombe mawili ya kona, utakuwa na manne, na kila upande mrefu 39. Jumla makombe 90.

Tazama kombe kwa karibu. Mshono wa kwanza na wa tano hulala kama unyoya wa bawa, wa tatu umesimama wima. Kombe lililojikunja mbele limefumwa kwa mkono wa kubana. Kwenye mishono hiyo mitano inua sindano zaidi hata ya ulivyofanya kwenye mji. Mshono mfupi ulio kati ya makombe ndio ubane kidogo, kwa sababu ndio unaochora bonde.

Matamvua na asmini

Kata nyuzi 60 za sentimita 30. Kwa kila kombe la ncha fupi, sita kila upande ukihesabu ya kona, chukua nyuzi tano, zikunje nusu, vuta kikunjo kwa sindano kupitia kilele cha kombe, pitisha ncha ndani ya kikunjo, kaza. Sawazisha kwa mkasi baada ya kuosha, si kabla.

Mpwa wangu wa pili aliniomba kitu cha kumkumbusha nyumbani, nikamtilia maua ya asmini. Piga minyororo minne, unganisha iwe duara. Ndani ya duara: minyororo mitatu, mshono mrefu mmoja, minyororo mitatu, unganisha. Hilo ni jani moja la ua. Rudia hadi yawe matano. Shona maua matatu kwenye kona moja tu. Ukijaza kila kona, pindo linapotea.

Kuosha na kutandaza

Ficha ncha zote kwa sindano butu, ukipitisha kwenda, kurudi, na kwenda tena. Loweka skafu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni nyepesi kwa dakika 15, usisugue, usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo na uibonyeze. Tandaza juu ya mkeka uliofunikwa taulo kavu, vuta kila kombe kwa kidole hadi lifunguke, na lishike kwa pini.

Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi huzila pini za kawaida, na doa la kutu kwenye uzi mweupe halitoki. Kaushia kivulini, kwenye upepo: jua la Mombasa hupausha rangi. Akriliki usiipige pasi; joto huilainisha ikabaki bapa na kulegea daima.

Usiifunge mfukoni siku hiyohiyo, hasa majira ya kusi mvua ikiwepo. Iache siku mbili hewani, kwa kuwa unyevu uliobaki ndani ya uzi mnene huleta ukungu kwenye mfuko wa nailoni kabla mzigo haujafika. Sufu ihifadhiwe ikiwa safi kabisa, maana nondo hufuata jasho na uchafu wa chakula. Wazee hutia karafuu kabatini, na harufu yake ni tamu, lakini haichukui nafasi ya kufua.

Kunja skafu kwa urefu mara mbili, uizungushe kama mkeka mdogo, makombe yawe nje yasivunjike. Andika kwenye kikaratasi uzi ni wa aina gani na unaoshwaje. Zungushia kipande cha kadibodi mita tatu za kila rangi na uzitie kwenye mzigo. Siku kombe litakaponasa kwenye zipu ya koti huko Toronto, uzi wa rangi ileile uwe karibu.